Furaha ya Mvuvi wa Usiku

Je, ni halali mtu kuifurahia kazi inayompa riziki? Swali hili laonekana jepesi, na huenda wengine wakacheka kwamba limeulizwa. Lakini laulizwa kila siku, na mara nyingi kwa dhihaka. Kijana asemaye kwamba anapenda kwenda baharini usiku huambiwa kuwa analikimbia jembe. Mzee akaaye ndani ya mtumbwi mpaka alfajiri, kisha akarudi na samaki watatu, huambiwa kuwa amepoteza usiku bure. Na mfanyakazi wa ofisini ambaye siku ya mapumziko huomba nafasi katika mtumbwi ili avue kwa mshipi, ingawa mshahara wake watosha kununua samaki sokoni, huambiwa kuwa anacheza michezo ya watoto. Wote watatu wameshitakiwa kosa moja, nalo ni kwamba wameona furaha mahali ambapo walipaswa kutafuta faida tu.

Juma hili twataka kulichungua shitaka hilo, maana ndani yake limo jambo lililo kubwa kuliko samaki.

Huenda msomaji akastaajabu kuona habari za bahari zikiandikwa na watu wa bara. Sisi wa Lukuledi twakaa mbali na pwani. Jirani zetu wa Newala wakaa juu ya uwanda wa Makonde, mahali ambapo mvua huzama mchangani mara inyeshapo, na zamani akina mama waliteremka mlima na kuupanda tena kwa saa nyingi ili kupata mtungi mmoja wa maji. Watu wa nchi kavu namna hii wana haki gani ya kunena juu ya uvuvi? Wanayo haki ya mlaji. Samaki mkavu wa Lindi na Mikindani ni kitoweo chetu tangu zamani. Alipandishwa huku vichwani mwa wachukuzi, halafu kwa baiskeli, na sasa kwa magari. Tena mto wetu wenyewe, Lukuledi, wapita bondeni kati ya uwanda wa Makonde na uwanda wa Rondo, ukaishia katika ghuba ya Lindi. Maji yapitayo kwetu ndiyo yafikayo chini ya mitumbwi ile. Yafaa basi tujue ni nini kinachotendeka huko usiku, sisi tunapolala.

Uvuvi wa usiku ni wa namna nyingi. Uko uvuvi wa taa, ambao wengi waufahamu kwa ajili ya dagaa. Wavuvi hutoka jua likishuka, huwasha taa zao juu ya maji, nao dagaa huufuata mwanga mpaka wakakusanyika palipo na wavu. Zamani, katika Ziwa Tanganyika, ulikuwa moto wa kuni uliowashwa mtumbwini; halafu zikaja karabai za mafuta ya taa, na siku hizi wengi hutumia taa za betri na za nguvu ya jua. Migebuka, samaki wa ukoo mmoja na sangara, huwawinda dagaa hao, nao pia huingia wavuni. Kazi hii hufuata mwezi. Siku za giza ni siku za kazi, na mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika na kushona nyavu zao, kwa kuwa taa ya mtu haina nguvu mbele ya taa ya mbinguni.

Uko tena uvuvi wa mshipi, ulio wa kimya kuliko huo. Watu wawili au watatu huondoka na mtumbwi au ngalawa, wakatia nanga karibu na mwamba, au kwenye mlango wa mto penye mikoko. Chambo chao ni kipande cha ngisi au cha samaki mdogo. Chubwi, yaani kile kipande cha risasi kilichofungwa mshipini, huzama mpaka chini, na tangu hapo mvuvi haoni tena kitu. Macho yake yamekwisha kazi. Sasa kidole ndicho kionacho. Kwa kidole hutambua kama chubwi imegusa mchanga au jiwe, kama mkondo umegeuka, kama kisamaki kinadonoa tu au mkubwa amekimeza chambo. Chazanda hutoka usiku kuwinda. Chewa hukaa karibu na pango lake la mawe, na akisha kunaswa hukimbilia humo; mvuvi asipomvuta papo hapo, jiwe litaukata mshipi. Hivyo saa tatu za kukaa kimya huishia katika muda ulio mfupi kuliko pumzi moja.

Sasa tuulize, ni nini hasa kimpendezacho mtu huyu? Ukimwuliza, hatakujibu upesi. Atakutajia baridi ya usiku baada ya jua kali la mchana. Atakutajia nyota, ambazo kwake si pambo tu, maana kwazo hujua saa na njia. Atakutajia jinsi maji yanavyowaka cheche za buluu mara kafi iyagusapo, kwa ajili ya viumbe vidogo mno vyenye kutoa mwanga. Atakutajia mazungumzo ya chini kwa chini na mwenzake, kwani mambo mengi ambayo watu wawili hawawezi kuambiana barazani huyasema kwa urahisi gizani, kila mmoja ameshika mshipi wake na hakuna amtazamaye mwenziwe usoni. Na ukizidi kumwuliza atakuambia neno ambalo twaona ndilo kiini cha habari yote: apenda kungoja.

Neno hili ni la ajabu. Watu wengi husema, subira huvuta heri, wakidhani kwamba subira ni bei na heri ni bidhaa. Mtu hulipa subira yake kwa kunung'unika, kisha hungojea apewe haki yake. Mvuvi wa mshipi haoni hivyo. Kwake kungoja si bei. Akiwa anangoja, akili yake yote iko katika ncha ya kidole, masikio yake yako wazi, moyo wake umetulia lakini haukulala. Ni mara chache mtu huwa mzima namna ile, mwili na roho vikielekea jambo moja. Samaki akija, furaha huongezeka. Asipokuja, haikuwa bure.

Twaweza kulipima jambo hili kwa usiku mtupu. Kila mvuvi aujua usiku mtupu. Hata Mitume waliujua, maana Injili yasimulia zaidi ya mara moja kwamba Petro na wenzake walifanya kazi usiku kucha wasipate kitu. Mtu apendaye samaki tu huuchukia usiku huo, na akipatwa nao mara mbili tatu huacha. Apendaye kuvua huona uchungu, kwa kuwa nyumbani kwake watu wanataka kula, lakini kesho yake hurudi. Hatusemi kwamba njaa ni kitu kidogo. Twasema kwamba furaha iliyo ndani ya kazi ndiyo impayo maskini nguvu ya kuistahimili kazi hiyo siku isipomlipa. Amwondoleaye furaha hiyo kwa dhihaka amemnyang'anya nusu ya mshahara wake.

Wenye hekima wa zamani walilifikiri jambo hili. Aristoteli wa Uyunani, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba furaha haikai peke yake kama kitu cha kununuliwa. Hulifuata tendo na kulikamilisha, kama uzuri unavyowajia vijana katika umri wao wa kuchanua. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alilipokea fundisho hilo akalitia mizani: furaha ya tendo jema ni njema, na furaha ya tendo baya ni mbaya. Kwa hiyo haifai kuuliza, "Je, mtu huyu anafurahi?" na kumhukumu kwa hilo. Yafaa kuuliza, "Anafurahia nini?"

Mtakatifu Tomaso huyo huyo akumbusha kisa cha kale cha Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walichukizwa walipomkuta akicheza pamoja na wanafunzi wake. Yeye akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine. Halafu akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo pasipo kupumzika. Yule mtu akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo roho ya mtu, akasema Yohane, isipolegezwa huvunjika. Basi yule mfanyakazi wa ofisini na mshipi wake amekwisha kupata wakili.

Lakini tusikimbilie kumwachilia kila mtu. Furaha ni kama maji ya bamvua, hujaa upesi na huweza kupita mpaka. Twaona mambo matatu ya kuangaliwa.

La kwanza ni kipimo. Furaha ya mvuvi imo katika kungoja, na atakayeondoa kungoja ataiondoa furaha, na mwisho atamwondoa samaki mwenyewe. Pwani yetu imeliona jambo hili kwa macho. Tangu miaka ya 1960 wako watu waliovua kwa baruti. Mlipuko mmoja huua wakubwa na wadogo pamoja. Hupasua vifuko vya hewa vilivyomo ndani ya samaki, wengi wao wakazama wasiokotwe. Huvunja matumbawe ambayo ndiyo nyumba na malisho yao, na kuota kwake tena ni kazi ya miaka mingi. Wako pia wavuvi waliopoteza mikono yao, na wengine uhai. Sheria yaukataza uvuvi huo tangu mwaka 1970, na katika miaka ya 1990 wavuvi wenyewe wa Lindi na Mtwara waliungana kuupinga. Mwaka 2000 hifadhi ya bahari ilianzishwa katika ghuba ya Mnazi na mdomo wa Ruvuma. Tazameni basi tofauti ya watu wawili hawa. Mmoja akaa usiku kucha akiwasiliana na samaki mmoja kwa uzi mmoja. Mwingine atupa chupa na kuokota mizoga kwa dakika chache. Huyu wa pili hakuwa na furaha yoyote ya uvuvi. Alikuwa na haraka, na haraka yake imelipwa na watoto wa kijiji kizima.

Hata furaha ya mchezo yaweza kukosa kipimo. Katika miaka ya 1950 sangara alitiwa katika Ziwa Viktoria. Wengine waliotaka atiwe walitafuta chakula na biashara, na wengine walitamani pia samaki mkubwa wa kuvuliwa kwa mchezo. Sangara amewapa watu wengi kazi na fedha, hilo hatulikani. Lakini aina nyingi za furu, visamaki visivyokuwako popote pengine duniani, zilitoweka au zikabaki chache mno. Anayetaka kujifurahisha kwa kiumbe cha Mungu hana budi kuuliza kwanza ni nini kitakachotoweka kwa ajili ya furaha yake.

Kwa jambo hili twatoa mfano mwema pia. Mwaka 2024 serikali yetu ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaana na kukua. Ilikuwa shida kwa wengi waliotegemea ziwa lile kwa chakula cha kila siku, wala hatutaki kuipunguza shida hiyo kwa maneno matamu. Lakini mvuvi ajuaye kungoja usiku mmoja juu ya maji aliweza kuelewa maana ya kungoja miezi mitatu nchi kavu. Ni fadhila ile ile iliyorefushwa.

La pili ni mauaji ya kiumbe. Wako wenye moyo mwororo waulizao, "Yawezekanaje kumfurahia kiumbe na kumwua?" Swali hili halistahili kuchekwa. Twajibu kwamba mvuvi mwema hafurahii kifo cha samaki. Afurahia kumjua, kumngoja, kumshinda kwa ustadi, na kumpeleka nyumbani akawe chakula. Ishara yake ni hii: humwua upesi akimpata, humrudisha majini aliye mchanga, wala hatupi cha kuliwa. Anayeacha samaki waoze ufukoni ili tu apate kujisifia wingi wao, huyo ndiye aliyekifurahia kifo.

La tatu twaona ni zito kuliko yote, nalo ni mtu mwingine angojaye. Mvuvi akiwa baharini, mkewe yuko nyumbani. Naye pia anangoja. Lakini kungoja kwake hakuna nyota wala cheche za maji. Upepo wa kusi ukivuma, asikia paa la nyumba likitikisika, akahesabu saa. Kungoja kwa mume ni furaha, na kungoja kwa mke ni hofu, na usiku ni ule ule mmoja. Je, ni haki mmoja afurahi kwa gharama ya mwingine?

Jibu letu ni kwamba furaha ya namna hii ni deni, na deni hulipwa. Hulipwa kwa kumwambia mwenzi wako mahali utakapotia nanga na saa utakayorudi, na kwa kulitimiza neno hilo hata kama samaki wameanza kula. Hulipwa kwa kuangalia hali ya hewa kabla ya kuondoka, na kwa kuvaa vazi la kuokolea ingawa vijana wenzio wanakucheka. Hulipwa hasa asubuhi. Samaki wanaouzwa ufukoni, na fedha yao ikaishia kilabuni kabla ya jua kupanda, ni samaki walioibwa kwa mtu aliyekesha. Hulipwa tena kwa baba kukubali kwamba mama naye ana upinde wake unaohitaji kulegezwa. Kama baba ana usiku wake wa bahari, mama apewe nafasi yake, naye baba abaki na watoto. Hapo furaha ya mmoja itakuwa furaha ya nyumba nzima.

Tena tusielewe vibaya. Tukiusifu uvumilivu wa mvuvi hatusifu kila kungoja. Mkulima wa korosho wa Masasi hungoja miaka kama mitatu mpaka mche wake uzae, na kungoja huko ni kwa heshima, kwa kuwa mti wakua. Lakini akisha kuuza korosho zake, kisha akaambiwa angoje malipo yake juma kwa juma bila sababu, huko si kungoja kule. Mama aliyeteremka mlima wa Makonde kutafuta maji naye alingoja kisimani, wala hakuna aliyekuwa na haki ya kumwambia aufurahie usiku wake. Mvuvi amechagua kungoja, naye aweza kung'oa nanga wakati wowote. Yule mwingine amefungwa kwa uzembe au umaskini ambao watu wengeweza kuuondoa. Wenye madaraka wasije wakatumia sifa za subira kuwanyamazisha wenye haki.

Sasa twaweza kuwarudia washitakiwa wetu watatu. Kijana hakulikimbia jembe, ikiwa usingizi wake wa mchana ameulipa kwa kazi ya usiku, na ikiwa hana baruti mtumbwini. Mzee hakupoteza usiku wake. Samaki watatu wametosha chungu, na moyo wake umetosha siku nzima. Mfanyakazi wa ofisini naye na aende, mradi asiwapunguzie walio nyumbani wala wenye kuishi kwa bahari. Hatuoni kosa kwao. Kosa ni la wale waliodhani kwamba Mungu amempa mtu mikono ya kufanyia kazi akamnyima moyo wa kuipenda.

Wazazi, neno la mwisho ni lenu. Watoto wetu wakua katika siku ambazo kila kitu hutakiwa kije mara moja, na simu iliyo mkononi huwafundisha hivyo tangu wangali wadogo. Mtoto asiyejua kungoja hatajua kusoma kitabu mpaka mwisho, wala kukaa karibu na mgonjwa, wala kuitunza ndoa. Hatusemi kwamba kila baba awe na mtumbwi. Aliye karibu na maji, siku ya bahari shwari na mtoto akiwa amefikia umri wake, amchukue pamoja naye usiku mmoja wa giza, amtie mshipi kidoleni, kisha anyamaze. Aliye bara ana mizinga ya nyuki, ana shamba la kulinda, ana chungu mekoni. Mfundisheni mtoto kuishika kazi kwa ncha ya kidole, na kutulia mpaka aisikie ikivuta.